Kabla ya Kukanyaga Pedali

Shangazi alisimamisha cherehani katikati ya pindo. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Ramadhani, doti za khanga zimerundikana mkekani hadi usawa wa goti, wenyewe wanazitaka kabla ya Idd, na yeye akaweka kiganja juu ya gurudumu, likatulia. "Umesikia?" akaniuliza. Sikuwa nimesikia kitu zaidi ya cherehani ikienda. Akalizungusha gurudumu kwa mkono, polepole, pigo la kwanza, pigo la pili, na ndipo nikasikia: kila sindano ilipoingia kwenye khanga kulitoka kishindo kidogo, tap, kama tone la maji kwenye sufuria tupu.

"Hii haitoboi tena," alisema. "Inagonga."

Aliichomoa, akaipitisha ncha yake juu ya ukucha wa kidole gumba, taratibu, kama anayefuta vumbi. Ukuchani ukabaki mchirizi mweupe. Sindano nzima huteleza juu ya ukucha bila kuacha alama. Iliyokufa ncha hukwaruza, na inachofanya juu ya ukucha ndicho inachokifanyia kitambaa, mara mia kadhaa kwa kila pindo. Akachukua nyingine, akaifunga, akaendelea. Kishindo kilikuwa kimetoweka, ikabaki ile sauti laini ya cherehani ambayo mtaa mzima umeizoea.

Kibaraza chake kipo Ngamiani, Tanga, na cherehani yenyewe ni Butterfly nyeusi ya pedali ambayo nakshi zake za dhahabu zimefutika pale mkono unapopita. Nimekaa kando yake tangu miguu yangu ikiwa haifiki sakafuni. Watu humsifu shangazi kwa mikono yake: anavyokata kola, anavyounganisha maua ya kitenge hadi usione yalipokatwa. Mimi kwa miaka hii nimejikuta nikistaajabia jambo dogo zaidi, ambalo mteja halilipii wala halioni. Ni zile dakika mbili kabla ya mshono wa kwanza, anapokishika kitambaa, akakisugua kati ya vidole, akakivuta upande huu na upande ule, kisha akafungua kibati cha sindano.

Ukiitazama sindano ya cherehani kwa haraka utaona kijiti cha chuma chenye tundu. Shangazi alinifundisha kuisoma kwa kidole. Juu kuna shina nene, ambalo kwa sindano za cherehani za nyumbani lina upande mmoja bapa. Chini yake mwili mwembamba, na upande mmoja wa mwili umechimbwa mfereji mrefu unaoteremka hadi kwenye tundu. Humo ndimo uzi unamolala sindano inapoingia, ili usisuguliwe na kitambaa. Upande wa pili, juu kidogo ya tundu, kuna kibonyeo kifupi ambacho jicho huweza kukikosa lakini ukucha hukikuta mara moja. Hicho kibonyeo ndicho roho ya kazi yote. Sindano ikishafika chini kabisa na kuanza kupanda, kiasi cha milimita 2 hivi, uzi wa upande huo hauna mfereji wa kujilaza. Kitambaa kinauzuia usipande pamoja na sindano, nao unavimba na kufanya kitanzi kisichozidi punje ya ufuta. Wakati huo huo ndoano iliyo chini ya bamba inapita kwenye kibonyeo, inakidaka kitanzi na kukizungusha kwenye bobini. Pigo moja limekamilika.

Nilipoelewa hilo, nilielewa kwa nini watu wengi huipeleka cherehani kwa fundi wa vyuma wakati ugonjwa uko kwenye kijiti cha chuma cha bei ndogo. Cherehani "inaruka", wanasema, yaani inaacha mapigo. Mara nyingi sindano imepinda kidogo tu, au imefungwa bila kusukumwa hadi juu, au imegeuzwa, mfereji mrefu ukaangalia usikotokea uzi. Kitanzi hakitokei pale ndoano inapokisubiri, basi. Shangazi huiviringisha sindano juu ya kipande cha kioo kabla ya kuifunga. Iliyonyooka huacha mwanga mwembamba uliolingana chini yake, iliyopinda huchechemea.

Sindano ya mkono ina tundu mkiani, na watu walishona hivyo kwa maelfu ya miaka. Kulihamishia tundu karibu na ncha ndiko kulikowezesha mshono wa nyuzi mbili. Mfaransa Barthélemy Thimonnier, mnamo 1830, bado alikuwa akitumia sindano yenye ndoano. Walter Hunt wa Marekani aliunda mashine yenye tundu nchani katika miaka hiyo ya 1830 lakini hakuisajili, na hataza ikaja kuchukuliwa na Elias Howe mwaka 1846. Nikiitazama sindano ya shangazi huwa nawaza jinsi wazo lenyewe lilivyo dogo: tundu limetoka mwisho huu kwenda mwisho ule.

Kuzisoma namba ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza pale barazani. Zimechongwa kwenye shina kwa herufi ndogo kuliko mguu wa sisimizi, na shangazi, ambaye wakati huo alikataa miwani, alikuwa akinipa sindano na kusema, "Soma, mwanangu." Ninaigeuza kuelekea jua hadi namba zing'ae. 90. Au 14. Ilinichukua muda kufahamu kuwa ni sindano ile ile yenye majina mawili: 14 ni hesabu ya zamani ya Singer, na 90 ni unene wa mwili wake, sehemu 90 za mia za milimita. Vivyo hivyo 70 ni 10, 80 ni 12, 100 ni 16, 110 ni 18. Kutoka sindano nyembamba ya shifoni, namba 60, hadi ile ya turubai, namba 110, tofauti ni nusu ya milimita. Ufundi wa sindano unaishi ndani ya nusu milimita hiyo.

Namba inasema unene, haisemi umbo la ncha, wala haisemi kama sindano inaingia kwenye cherehani yako. Dukani mtu akisema tu "nipe sindano ya cherehani", muuzaji mwenye moyo humuuliza: ya miguu au ya umeme ya kiwandani? Ya nyumbani, ambayo paketi huiandika HAx1 au 130/705 H, ina ule ubapa shinani. Ya cherehani za kiwandani za mshono mnyoofu, DBx1, ina shina la mviringo. Moja haishiki mahali pa nyingine, na mwenye kulazimisha atajikuta ndoano inagonga chuma.

Khanga ni shule nzuri ya kuanzia, na ndiyo maana shangazi humpa kila mwanafunzi wake khanga kwanza. Doti huuzwa vipande viwili havijatenganishwa. Unaikata, unapinda zile ncha fupi, na kila pindo ni tabaka tatu tu za pamba. Sindano namba 11 au 12 inatosha. Lakini khanga mpya imejaa wanga wa kiwandani, inasimama yenyewe kama karatasi, na pindo lake hupigana na sindano kuliko la khanga iliyokwisha kufuliwa. Nimemwona akianza rundo la khanga mpya na 12, kisha mteja akaleta khanga kuukuu ya mama yake marehemu, imelainika kama ngozi ya mtoto, anataka ipindwe upya. Shangazi alibadili sindano kwa ajili ya lile pindo moja. Aliweka 9, mpya kutoka paketini. Hakueleza kitu, wala mteja hakujua.

Kitenge hakina deko. Ni pamba iliyofumwa kwa kubana; 12 kwa gauni jepesi, 14 ukifika kwenye kola na mkanda wa kiuno ambako kuna kitambaa cha kukazia. Jambo la kuangalia hapo ni gundi: kitambaa cha kukazia kinachobandikwa kwa pasi huacha utando mwilini mwa sindano, uzi unaanza kukwama na kukatika, na mtu analaumu uzi. Shangazi huipangusa sindano kwa kitambaa chenye tone la spiriti, anaendelea.

Satini ni habari nyingine, na niliijua kwa gharama. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, binamu yangu anaposwa, nikaomba nimshonee gauni mwenyewe. Satini ya samawati, nzuri, imenunuliwa Dar kwenye maduka ya mtaa wa Uhuru. Cherehani ilikuwa imetoka kushona kaptura za kaki za shule. Sindano 16 imo ndani, na sikuitazama. Nilishona mshono wote wa ubavuni, kutoka kwapa hadi chini. Nilipougeuza nikaona vitundu vimejipanga kama alama za meno, na kutoka kwenye baadhi yao mistari inang'aa ikikatiza kitambaa, pale uzi ulipovutwa. Nikafumua. Uzi ulitoka, vitundu vikabaki.

Shangazi hakunigombeza. Alilishika gauni mbele ya dirisha, mwanga ukapita kwenye kila kitundu, akaniacha niangalie kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Kisha akanieleza. Satini inang'aa kwa sababu nyuzi zake hulala juu ya kitambaa kwa urefu, zinaruka nyingine kadhaa kabla ya kupita chini. Ncha butu ikiukuta uzi uliolala hivyo haiutoboi wala haiupishi. Inausukuma, nao unavutika kwa urefu wake wote, ndiyo ile mistari. Na sindano nene inafungua njia ambayo nyuzi laini kama zile hazina nguvu ya kuifunga tena. Satini inataka sindano nyembamba, 9 au 10, ncha kali kabisa, mpya. Tulirudisha mshono ndani kwa upana wa kidole, gauni likambana binamu yangu kidogo, akapendeza nalo. Mimi tangu siku hiyo sijakaa kwenye cherehani yoyote bila kwanza kusoma namba iliyomo.

Shifoni hufuata njia hiyo hiyo, ila yenyewe pia huteleza na kuzama: ukiweka sindano nene, kitambaa kinasukumwa kwenye tundu la bamba na meno yanakitafuna. Sindano 8 au 9, mapigo mafupi, na karatasi laini chini yake ambayo baadaye unaichana. Nida ya mabuibui ni nzito kidogo na tulivu zaidi, 11 inaenda. Kanzu nyeupe nayo haina pa kuficha kosa lolote.

Hadi hapo nimezungumzia vitambaa vilivyofumwa, ambavyo nyuzi zake hukatiza, moja juu, moja chini. Jezi na fulana hazikufumwa hivyo. Zimesukwa kwa vitanzi, kitanzi kimeshika kitanzi, kama fuma ya mkono iliyofanywa ndogo sana. Ncha kali ikipita katikati ya uzi wa kitanzi na kuukata, siku hiyo huoni kitu. Nguo inavaliwa, inafuliwa, inavutwa, na baada ya wiki vitundu vinafunguka kandokando ya mshono. Watu husema kitambaa kibovu. Kwa vitambaa hivi kuna sindano yenye ncha ya mviringo, ambayo ukiigusa kwa kidole huhisi haichomi sana. Inafika kwenye uzi, inateleza pembeni, inausogeza na kupita kwenye uwazi. Paketi za sindano za kiwandani huandikwa SES kwa mviringo mdogo, SUK kwa mkubwa zaidi unaofaa vitambaa vizito vya aina hiyo. Kwa nguo zinazovutika sana, kama za mazoezi, iko sindano ya peke yake yenye kibonyeo kirefu zaidi, kwa sababu kitambaa kile huing'ang'ania sindano na kupanda nayo, kitanzi kikakosa nafasi ya kuvimba.

Hapa ndipo ninapoona uzuri wa kazi hii kuliko mahali pengine popote. Tunafikiri sindano hutoboa kwa nguvu. Ile ya jezi inapita kwa kupisha, na ile ya satini inapita kwa wembamba wake. Kila moja imesuguliwa kule ilikotengenezwa na watu waliofikiria uzi mmoja wa kitambaa utafanya nini ukikutana na chuma. Ngozi peke yake ndiyo inayotaka kukatwa. Ncha ya sindano ya ngozi ina makali kama kisu kidogo, maana ngozi haina nyuzi za kusogezwa, na tundu likishafunguka halizibi tena. Sindano hiyo shangazi huiweka mbali na zote, imechomwa kwenye kipande cha kandambili, asije mwanafunzi akaifungia kwenye kitenge.

Uzi nao una haki yake. Kabla ya kufika kitambaani na kubaki huko, kila sehemu ya uzi hupita kwenye tundu la sindano kwenda na kurudi mara nyingi. Tundu likibana, uzi unachakaa na kupasuka nyuzinyuzi. Likilegea sana, kitanzi kinayumba. Kuna jaribio ambalo shangazi hulifanya hadi leo: anautunga uzi kwenye sindano iliyo huru, anaushika ncha mbili, ameukaza, mkono mmoja juu na mwingine chini. Sindano ikiteremka yenyewe kwa uzito wake, polepole, wawili hao wanapatana. Ikikwama, anapanda namba. Nimemwona akifanya hivyo umeme umekatika, jioni, akisikiliza kwa vidole tu.

Kiwandani mambo huenda mbio. Cherehani ya umeme kama zile za Juki hufikia mapigo 5,000 kwa dakika, zaidi ya 80 kila sekunde, na kwa kasi hiyo sindano hupata moto wa nyuzi joto zaidi ya 200, huku poliesta ikiyeyuka karibu na nyuzi 260. Ndipo unapokuta sindano zenye mwili uliopunguzwa unene sehemu ya chini, au zilizopakwa utando wa kupunguza msuguano. Kwenye viwanda vya nguo za kuuza nje, sindano ikivunjika, kazi husimama hadi vipande vyote vipatikane na kubandikwa kwenye daftari, ndipo mshonaji apewe nyingine. Nilipoambiwa habari hiyo nilicheka kwa furaha, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa barazani kwetu siku zote. Sindano ikivunjika, shangazi huinua mkono, hakuna anayenyanyuka. Anachukua sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu, anaipitisha mkekani, kwenye bamba, ndani ya pindo, hadi ncha ipatikane. "Kuna mtoto atavaa hii," husema. Vipande, pamoja na sindano zote zilizochoka, huingia kwenye chupa ya dawa yenye kifuniko. Chupa hiyo ina uzito wa ajabu mkononi.

Mwezi uliopita nilikuwa pale alipoingia kijana wa bodaboda na suruali ya jinzi ya mtumba, ndefu kwa kiganja kizima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Simama nione."

Alimpima, akaweka chaki, kijana akaenda kusubiri kwenye kivuli. Jinzi kwa jumla ni kazi ya 16, ila ugumu wake uko mahali pamoja: pale mshono wa ndani wa mguu unapokutana na pindo. Mshono ule wenyewe umekunjwa tabaka nne; ukiupinda pindo la tabaka tatu, sindano inakutana na tabaka 12 kwa mpigo. Hapo ndipo sindano nyingi huishia. Mguu wa cherehani unainuka mbele na kuinama nyuma, mshonaji anavuta kitambaa ili kiende, sindano inapinda kwa upana wa unywele na kugonga bamba.

Shangazi aliliweka lile tuta la mishono juu ya jiwe la mlangoni, akalipiga kwa nyundo, si kwa nguvu, mara sita au saba, hadi likalala. Akakunja kipande cha jinzi alichokikata na kukiweka nyuma ya mguu ili mguu usimame sawa. Kisha akafungua kibati. Aliitoa 16 iliyokuwamo, akaichungulia, akaiwekea alama ya uzi mwekundu kuonyesha bado ina siku. Akachukua ile ya jinzi hasa, ambayo mwili wake umeimarishwa usipinde na ncha yake imetengenezwa ipenye ufumaji mzito. Akaipitisha juu ya ukucha. Akaiviringisha kwenye kioo. Akanipa.

"Soma."

Siku hizi ana miwani, imo mfukoni mwa dera lake. Niliigeuza kuelekea jua. "Mia," nikasema. "Kumi na sita."

Akaisukuma hadi juu, akakaza skrubu, akatunga uzi wa rangi ya kahawia kufuata mishono ya asili. Alishona mapigo kumi kwenye kipande kilichokatwa, akakigeuza, akatazama upande wa chini, akalegeza uzi wa juu robo mzunguko, akashona kumi mengine. Alipofika kwenye lile tuta aliondoa mguu kwenye pedali na kuzungusha gurudumu kwa mkono, pigo kwa pigo, mkono wa kushoto umelala juu ya jinzi bila kuivuta. Nilihesabu mapigo manane. Sindano iliingia na kutoka, na hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa mkanda wa ngozi ukijikunja chini. Upande wa pili wa tuta ulipofika, akarudisha mguu, akakanyaga.